Noti Iliyobanduliwa Kwenye Paji Langu

Leo nimejiaibisha mbele ya watu wasiopungua sitini, na nilijiandaa siku nne.

Mnajua mchezo wetu: unachukua wimbo unaopigwa kila mahali mjini, unausimulia upya kwa mistari mitano ya vina, watu wacheke. Mnajua pia nani anasifiwa kila mara. Bijou. Mimi nafuta na kuandika upya mpaka kalamu inakauka. Juzi nilimwuliza huyo msusi mistari yake aliitunga lini.

"Sasa hivi, niko nasuka mama moja."

Sikula vizuri siku ile. (Ndiyo, ni wivu. Nimekubali, tuendelee.)

Leo mchana ilikuwa sherehe ya diploma ya binamu yangu, uani kwetu Simi-Simi. Mjomba wetu, Tonton Faustin, alitangaza: "Mwenye atafanya watu bacheke leo, ni yeye atashika micro ku mariage ya Desemba." Nilikuwa nimeiwaza micro hiyo, kipaza sauti cha harusi, tangu Pasaka.

Nilichagua ule wimbo wa mume anayemlilia mke aliyepanda boti. Katikati mwimbaji anatupa libanga, yaani anataja jina la tajiri fulani, kama wanamuziki wetu wote. Nami nikaweka langu. Nilitaka jina la silabi tatu lisilo la mtu ninayemjua, nikapata Bosembo. Nilikagua vina, pumzi, hata kola ya shati. Orodha ya wageni sikuikagua.

Nikaanza:

*Papa Bosembo alilia mtoni,*

Vigelegele. Moyo wangu ukapanda. Kumbe nyuma kulikuwa na mzee mmoja kutoka Yanonge, shemeji wa Tonton, na jina lake ndilo hilo. Na kwetu ukitupiwa libanga huketi tena. Mzee aliinuka, akacheza taratibu kati ya viti, noti ya kunituza mkononi.

*mkewe ameshaketi botini.*

Mama alifunika uso kwa kitambaa cha jikoni. Baadaye ndipo nilipoelezwa: mke wa mzee alipanda boti ya Kinshasa miezi miwili iliyopita, hajarudi. Wakati ule niliona tu watu wameacha kutafuna. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi siwezi kuacha shairi bila mwisho. (Ni ugonjwa.)

*Akaita, "Mpenzi, rudi!"*
*Akajibiwa, "Sina budi:*

Mzee alikuwa amefika. Alishaanza kunibandika noti kwenye paji, na jasho lilikuwa la kutosha. Nikamalizia, nikimtazama machoni:

*miaka kumi wanikoromea sikioni!"*

Mkono wake bado uko kwenye paji langu.

"Nani alikuambia kama mimi nakoromaka?"

"Hapana, papa, ni wimbo."

"Ule wimbo naujua. Kukoroma haiko ndani."

Tonton alisimama. Nilijiona nikifukuzwa kwenye sherehe ya nyumba yetu wenyewe. Ndipo sauti ikatoka karibu na sufuria, mdomo umejaa kwanga, ule mkate wetu wa muhogo: "Papa Bosembo, huyu hajamaliza. Yule mama wa botini alijibu hivi: *Sina budi kurudi, bila mkoromo usingizi siuoni!*"

Bijou. Hakuwa hata amesimama.

Uani kulilipuka. Mzee alicheka mpaka akajishika magoti, akafuta macho kwa muda mrefu kidogo kuliko kicheko kilivyohitaji. "Basi arudi," akasema. "Arudi tu." Kisha akanigeukia, akaibandua noti kwenye paji langu polepole, kama mtu anayetoa stempu kwenye barua iliyokosewa anwani, akavuka ua mzima na kuibandika kwa Bijou.

Watu wakampigia makofi. Na mimi nikapiga. Kina kilikuwa kimekaa sawasawa, na hicho ndicho kilichoniuma.

Kwa hiyo Desemba micro ni ya Bijou, mimi nimepewa kazi ya kupanga viti. Mkija msinicheke, na msivute kiti hata kidogo, safu zitakuwa zimenyooka kama rula.