Ombi la Kuhamishwa kwa Wakazi wa Jengo la Duara, Mama Yangu Akiwemo

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Majengo na Sanamu za Jiji,

Pokea salamu zangu za heshima, na upokee na hasira zangu pia, maana zimekuja pamoja na nimeshindwa kuzitenganisha.

Mimi ndiye yule mpiga picha uliyempa kazi ya kalenda ya jiji. Barua yako ilisema picha zote zionyeshe “uzuri wa majengo na sanamu zetu bila bughudha ya watu.” Niliisoma nikaruka kwa furaha. Miaka yote nimepiga picha za harusi, na watu wamenichosha. Bibi harusi anafumba macho, mjomba anachomeka kichwa mahali asipoitwa, halafu wote wanakuja kunilaumu kwamba nimewatoa wanene. Jengo halifumbi macho. Jengo haliulizi limetokaje. Nikajisemea, sasa nimepona.

Wapi! Kalenda inatakiwa mwisho wa mwezi. Nikishindwa utampa kazi mwingine, nami nitarudi kwenye duka la shemeji yangu kupiga picha za pasipoti nyuma ya pazia, huku yeye akinikumbusha asubuhi na jioni kwamba alinionya. Kwa hiyo nisikilize, tafadhali. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukuta wa vigae pale posta, ule wenye samaki mkubwa wa buluu. Fundi viatu amepigilia msumari kwenye jicho la samaki, na hapo ndipo anapotundika koti lake. Nilimweleza kwa upole kwamba ile ni sanaa. Akasema anajua sana, ndiyo maana wateja hawampotei. Kisha akaviangalia viatu vyangu akaniuliza kama vimefumuka kwa kutembea au ndivyo nilivyouziwa.

2. Sanamu ya msichana anayesoma kitabu, mbele ya maktaba. Mlinzi anamwita Binti. Mvua ikinyesha anamfunika kwa mwavuli wake mwenyewe, yeye akalowa chepechepe. Nilipomwomba auondoe kidogo tu, alinitazama kama mtu niliyemwambia amtoe mwanawe nje usiku. Wanafunzi nao wamemvisha miwani. Inamkaa vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

3. Makao makuu ya idara yako. Picha ilikuwa imekamilika, mwanga umetulia, nikashukuru. Nilipoikuza nikaona dirishani, ghorofa ya pili, mtu anapiga mwayo, mdomo wazi hadi gego la mwisho. Samahani, Mheshimiwa, ni wewe.

4. Jengo la Duara. Hapa ndipo moyo unaponiungua, maana hii ndiyo picha ya jalada. Ghorofa sita, na roshani zimelizunguka lote kwa mstari mmoja usiokatika. Msanifu wake alikuwa na akili zake timamu. Lakini mstari huo hauonekani kwa nguo! Fundi cherehani wa ghorofa ya tatu anatundika magauni ya wateja huko nje. Nilimwomba ayaanue. Akaniuliza kama jengo likikaa uchi ndipo nitalala usingizi.

Haya yote ningeyameza. Lakini ghorofa ya nne anaishi mama yangu mzazi, na yeye ni lalamiko la peke yake.

5. Mama yangu. Kila nikisimamisha kamera ng'ambo ya barabara, hata nikijibanza nyuma ya kibanda cha magazeti, ananiona. Mama huyuhuyu ambaye hawezi kutunga uzi kwenye sindano! Anatoka kwenye roshani amevaa gauni la kutokea, anapunga mikono yote miwili, kisha anawaita majirani waje wamwone mwanawe akiwa kazini. Nao hawana hiyana, wanatoka wanapunga. Nikampigia simu nikamwambia, mama, sikupigi picha wewe, napiga jengo. Akasema sawa baba, piga tu, mimi nitakuzuiaje, na je, umekula? Wahenga walisema nani kama mama. Wahenga hao hawakuwahi kupiga picha jengo anamoishi.

Kwa kuwa upole wangu umegonga mwamba, naomba wakazi wote wa Jengo la Duara wahamishiwe kwa ndugu zao. Nimefikiria zaidi nikaona kwamba ndugu hao nao wanaishi kwenye majengo yaliyomo kwenye kalenda, kwa hiyo wahamishwe pia. Wakitoka wote watajaa barabarani, na barabara kuu ndiyo picha ya mwezi wa nane. Basi haki pekee iliyobaki ni jiji lote litoke nje ya jiji kwa siku moja, likae huko kimya, likiangalia upande mwingine. Wewe na ofisi yako mtatangulia, kwa sababu ya lalamiko la tatu. Sheria ni msumeno. Mama yangu apewe kiti cha mbali kabisa, na mtu wa kumshika mikono.

Nitashukuru ukinijibu kabla mawingu hayajaanza. Nisalimie katibu wako, dereva wako, wahandisi wote, na yule mama anayewaletea chai. Salamu hizi nawapa sasa hivi, kwa sababu siku hiyo sitapenda kumwona yeyote kati yenu.

Wako katika usanifu mtupu,
Mpiga Picha wa Kalenda

Nyongeza: Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha, lakini leo asubuhi nimepita tena Jengo la Duara. Hakuna nguo. Hakuna mtu. Mstari wa roshani umezunguka wote, safi, kama nilivyouota. Nikapiga picha. Kisha nikamngoja mama atoke, na hakutoka. Nikapiga simu, haikupokelewa. Mheshimiwa, niliogopa. Niliiacha kamera palepale barabarani kwenye miguu yake mitatu, mimi ambaye hata mke wangu simruhusu kuigusa, nikapanda ngazi mbio (lifti yenu ni mbovu). Nikamkuta mama amelala kifudifudi sakafuni, na gauni lake la kutokea, fundi cherehani kando yake. Roho iliniruka. Akainua kichwa akaniuliza kwa kunong'ona kama nimemaliza, maana mgongo unamuuma. Alikuwa amewaambia majirani kwamba kazi ya mwanawe iko hatarini, na jengo zima, ghorofa zote sita, lilikuwa limelala chini kwa ajili yangu. Nililia pale mlangoni, na sioni haya kukuambia.

Kwa hiyo ombi langu nimelifuta, na ile picha safi nimeifuta pia. Picha ya jalada nimeiambatanisha: nguo zote zimetundikwa upya, na huyo wa ghorofa ya nne ni mama. Mwayo wako nimeuweka mwezi wa tatu. Kama hutaki, mpe kazi mwingine. Shemeji ameshanifagilia nyuma ya pazia. Ila huyo mwingine mwambie asikae pale barabarani na njaa bure. Akipungiwa mkono naye apunge, kisha apande juu, ataulizwa kama amekula.