Utepe wa Hooyo na Ndege wa Shambani

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Ndege wameliacha shamba langu la mtama. Akili zangu hizo, nasema bila haya. Mwezi uliopita niliweka simu mbele ya redio, nikaihamisha sauti ya hooyo, mama yangu marehemu, kutoka kwenye kaseti hadi Hazina, ghala la bure la mtandaoni la kampuni ya Duara. Duara wameahidi kuitunza milele, nami nikaifuta simuni. Kaseti ya nini tena? Nikauvuta utepe wote, nikaufunga kwenye vijiti huku kando ya Tana. Unameta, unavuma, ndege hawasogei karibu.

Binamu yangu Abdihafid, fundi redio sokoni, amesikia habari leo. Akauliza kama nimesahau Albamu ya Duara, nayo iliahidiwa milele, ikafungwa pamoja na picha zote za harusi yangu. Eti aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nikamwambia kampuni kubwa vile haina haja ya kunidanganya mimi, Kulow. Wivu tu.

Jumatano, 3 Septemba
Dada yangu Lul amepiga simu kutoka Eldas. Harusi ya binti yake Hani ni Ijumaa ya wiki ijayo. Miaka kumi iliyopita, alipoona ugonjwa umemzidi, hooyo aliirekodi dua ya harusi ya Hani. Lul anataka isikike siku hiyo. Ameuliza mara mbili kama ninayo. Nikamjibu ipo mahali salama kuliko benki.

Jumamosi, 6 Septemba
Hazina imefungwa. Tangu tarehe thelathini na moja Agosti! Duara wanasema walitoa taarifa miezi mitatu kabla, kupitia Barua ya Duara, barua pepe yao. Barua ya Duara waliifunga wenyewe mwaka jana. Na mwezi uliopita walikuwa bado wananipokea kwa mikono miwili.

Nimewaandikia. Imejibu mashine, ikanipongeza kwa kuwa mteja mwaminifu miaka tisa.

Jumapili, 7 Septemba
Shambani tangu alfajiri, nikiokota utepe. Jua limeukausha, upepo umeukata. Mwingine uko tumboni mwa mbuzi wa jirani. Nimelia katikati ya mtama, mtu mzima na ndevu zangu. Ndege wamerudi, wakala huku nikiwaangalia.

Nimempelekea Abdihafid mabaki ndani ya mfuko. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumatano, 10 Septemba
Abdihafid amesafisha na kuunga kwa siku tatu. Kimepona kipande kimoja, urefu wa mkono wangu, akakitia kwenye kaseti tupu. Sekunde kumi na moja. Dua haimo. Hooyo anakohoa, kisha anasema: Kulow, funga mlango, mbuzi wanaingia.

Tumesikiliza mara ishirini. Miaka kumi sijaambiwa nifunge mlango. Abdihafid alijifanya anatafuta bisibisi.

Ijumaa, 12 Septemba, Eldas
Nimemwambia Lul ukweli mbele ya wageni, kwa sababu peke yake namwogopa. Hakunigombeza. Akaweka redio karibu na Hani, akabonyeza. Hani alicheka, kisha akalia, akasema ndivyo bibi alivyokuwa, mlango na mbuzi. Halafu akaniuliza: abti, na dua ilisemaje?

Mimi ndiye mjomba wake, na siku ile mimi ndiye niliyeishika redio hooyo akirekodi. Nilikuwa nahangaika na betri. Sikumbuki hata neno moja.

Nikasema amina. Hani naye akasema amina.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimerudi Garissa. Duara wameniandikia. Wanasikitika sana. Wamefungua ghala jipya, Amana, na safari hii neno milele wameliandika kwa herufi kubwa. Mtu mwenye nia mbaya haombi radhi. Nimeweka simu mbele ya redio, nimewapelekea sekunde zote kumi na moja. Wameshukuru papo hapo.

Abdihafid ameomba kile kipande cha utepe akifungie sandukuni. Nimekataa. Mtama umebaki kidogo na ndege wamezidi. Nimekifunga mchana huu kwenye kijiti kirefu kuliko vyote, mbuzi wasikifikie. Kinavuma vizuri.