Tasa ya Tarakimu Tisa

Jumatatu, 4 Machi
Kiti cha mkuu wa idara ya hisabati ki wazi. Changu! Tatizo ni Miwani, yule mwalimu mpya: shahada mbili, viatu vinang'aa. Mimi nina miaka ishirini na moja ya vumbi la chaki. Lazima nivumbue kitu.

Nimevumbua! 31 ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. 331, tasa. 3331, tasa. Nimeongeza tatu mbele hadi 33,333,331. Kompyuta ya maktaba imezikubali zote saba. Kufika 333,333,331, umeme ukakatika. Basi. Mwana wa nyoka ni nyoka: nayo ni tasa.

Jumanne, 5 Machi
Balaa. Nilikuwa chumbani nikifanya mazoezi ya hotuba: "Ni tasa! Nawaapia, ni tasa!" Sebuleni yupo mama mkwe, kaja kututembelea. Akauliza binti yake anaitwaje tasa na wajukuu watatu wanamkanyaga miguu. Nikamweleza ni namba. Akasema basi nikalale na namba. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Hakunitetea hata kidogo.

Jumatano, 6 Machi
Nimeitangaza ofisini, mbele ya mwalimu mkuu. Nimeiandika ubaoni kwa chaki nyekundu. Miwani akauliza, kwa adabu, uthibitisho uko wapi. Nikamjibu uthibitisho ni wa wasioamini. Makofi! (Ya mwalimu wa michezo peke yake, lakini makofi ni makofi.) Kichwa kikavimba. Nikatamka: atakayeigawanya bila baki, mimi cheo sikiombi tena. Miwani akarudi kusahihisha madaftari. Kaogopa!

Ijumaa, 8 Machi
Si Miwani. Mhazili! Alikuwa akingoja chai ipoe, akaanza kuigawanya namba yangu mgongoni mwa bahasha. Kwa 3, wapi. Kwa 7, 11, 13, wapi. Kwa 17 ikaachia kama mshono mbovu: 17 mara 19,607,843. Akaniuliza kwa upole, mbele ya watu, "Samahani mwalimu, hii si ile yako?" Nikasema kakosea kuhamisha tarakimu. Miwani akazidisha ubaoni, taratibu, kwa raha zake. Ikatimia mpaka ile moja ya mwisho. Chai ya mhazili ilikuwa bado ya moto.

Kiti kapewa Miwani. Mimi nimeombwa nifute ubao.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe amenihurumia. Kaniambia, "Mwanangu, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Pumzika." Nimemshukuru sana. Kosa nimeliona: namba ilikuwa ndefu mno! Leo nimepata fupi, nadhifu: 1,000,001. Safari hii nimekuwa makini. Nimeigawanya mwenyewe kwa kila namba tasa, moja baada ya nyingine, hadi 97. Haigawanyiki! Iliyofuata ilikuwa 101, lakini nikaitwa mezani. Aliyefika 97 si mzembe.

Nimeshampigia simu mwalimu mkuu. Kesho gwarideni, mbele ya shule nzima. Akitokea wa kuigawanya, naacha kazi.