Nilivyomjengea Mathews Nyumba

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mzee, baba yetu, ametoka hospitali ya Kombewa leo. Miaka themanini na moja, nyonga imetiwa chuma. Daktari amesema asibaki peke yake. Kabla hata hajaketi vizuri, Mzee akatangaza kwamba Jumamosi wakili atakuja nyumbani kuandika wosia, na kabla ya hapo anataka kujua nani atamtunza.

Nimeelewa mara moja. Atakayemtunza ndiye atakayepewa kipande cha ufuoni, kile kinachogusa ziwa! Dada yangu Benta, muuguzi mstaafu, amesema wosia ni jambo moja na kumtunza Mzee ni jambo lingine, na kwamba tukae tupange zamu. Benta ni mjanja sana. Ila hajui anashindana na nani.

Jumanne, 9 Septemba

Mpango wa kwanza: Mzee ahamie kwangu Nyalenda, mjini Kisumu. Nimemweleza vizuri, kwa heshima. Ameuliza choo kiko wapi. Nikasema nje, tunatumia nyumba saba. Na maji? Kwenye mfereji wa jirani, foleni inaanza saa kumi na moja alfajiri. Akatazama chuma chake cha kutembelea, akaniuliza kama kweli namtakia uzima. Halafu akaongeza kwamba baba halali katika nyumba ya mwanawe, hata kama ina choo cha marumaru.

Mpango umekufa kabla ya chai. Benta alikuwa akimkanda mguu na kusikiliza. Hakucheka, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika. Ameshahamishia godoro lake jikoni ili awe karibu na Mzee. Anataka kunitangulia.

Jumatano, 10 Septemba

Jibu limenijia nikinyoa ndevu. Kama Mzee hawezi kuja kwangu, mimi nitahamia kwake. Kuna tatizo. Nina miaka arobaini na tisa na watoto watatu, siwezi kulala katika nyumba ya baba yangu. Lazima niwe na nyumba yangu mwenyewe ndani ya boma, nami sikuwahi kujenga.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Kaka yangu Mathews, aliyeko Eldoret, ndiye kifungua mimba, na yeye pia hajajenga. Mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Wazee wa huku kwetu Seme hawana mzaha na hilo.

Nimempigia Mathews simu, nikamsihi ajenge haraka kwa heshima ya Mzee. Amesema, omera, ndugu yangu, Desemba. Mathews anasema Desemba tangu nikiwa darasa la nane.

Basi nitamjengea mwenyewe! Kibanda kidogo tu, chumba kimoja na kufuli, kwa jina lake. Halafu siku hiyohiyo, changu. Nimejishangaa. Akili kama hii, na nimekuwa nikiuza viatu vya mitumba.

Ijumaa, 12 Septemba

Mabati nimeyapata kwa kubomoa kibanda changu cha viatu katika soko la Kibuye. Ishirini. Fundi Waswa alinihakikishia yanatosha nyumba mbili. Yameandikwa JORAM VIATU SAFI kwa rangi nyekundu, kwa hiyo tumegeuza maandishi yaelekee ndani.

Tumeanza na ya Mathews, upande wa kulia wa lango, ambapo kwa mila ni pa kifungua mimba. Saa nane mchana ilikuwa imesimama, nzuri kuliko nilivyotaka. Kisha nikageuka kutazama mabati yaliyobaki. Matatu! Waswa akasema nyumba ya kifungua mimba ikiwa ndogo ni aibu. Nilimuuliza aibu ya nani. Alikuwa ameshaanza kukusanya nyundo zake.

Mabati matatu hayatoshi hata banda la kuku.

Jumamosi, 13 Septemba

Wakili Debra amefika saa nne. Mzee akatoka na chuma chake, akaiona nyumba, akasimama. Akauliza ni ya nani. Nikasema ya Mathews. Mzee akalia. Akasema kifungua mimba wake amekumbuka nyumbani, na akataka aingizwe ndani aione. Nilijaribu kusema sakafu ni mbichi. Benta alikuwa ameshafungua mlango.

Mzee akasoma ukuta kwa sauti, taratibu. Joram. Viatu. Safi. Wakili akawa anakagua kalamu yake.

Kisha Mzee akanishika bega. "Nyathina, mwanangu," akasema, "umejivua koti ukamvika ndugu yako." Nilitaka kumwambia ukweli, nikajikuta nikisema asante. Hajanishika bega tangu mama azikwe. Niliona haya, haya kabisa.

Wosia ukaandikwa. Kipande cha ufuoni kitakodishwa kwa wakulima wa nyanya, na kodi hiyo italipia dawa zake na mtu wa kumsaidia mchana. Benta ndiye msimamizi. Mzee akifariki, sisi watoto wake watatu tutakigawana sawasawa. Benta ameninong'oneza kwamba hivyo ndivyo Mzee alivyopanga tangu Machi. Theluthi moja! Ningeipata nikiwa nimelala usingizi Nyalenda.

Mimi, kwa moyo wangu mwema, nimekabidhiwa kufagia nyumba ya Mathews. Pia nina zamu ya kumwogesha Mzee kila Jumanne na Alhamisi. Nilikubali kabla sijafikiri.

Jumapili, 14 Septemba

Mathews amepiga simu kushukuru. Anaomba nimwongezee dirisha. Huko Kibuye mvua imenyeshea jozi zote za viatu.

Mke wangu Jentrix ameniuliza nimejifunza nini. Nikasema mengi. Kwa mfano, mama yake, Nakhumicha, ana ekari mbili za miwa kule Bungoma, na juzi alilalamikia goti. Mama huyo anahitaji mtu wa kumtunza, na mtu huyo anahitaji nyumba karibu. Jentrix akasema mkwe hajengi ukweni. Nikasema kibanda kidogo tu. Akauliza kwa mabati ya nani.

Nimetazama juu, mabati ya nyumba hii tunayopanga Nyalenda. Ni kumi na mawili, na mwenye nyumba haji kudai kodi mpaka tarehe tano.