Nyumba Yenye Mpangaji Mkorofi

Jumatatu, 3 Machi

Nimezaliwa na bahati. Sijisifu, naandika tu yaliyopo. Wenzangu wanahangaika miaka na miaka kutafuta nyumba ya kuanzia biashara. Mimi leo nimekaa mkahawani, kikombe hata hakijafika nusu, nyumba imenifuata yenyewe! Dalali mmoja, miwani mikubwa kama madirisha ya benki, alizipita meza zote. Akawaruka wenye tai. Akawaruka wenye vitambi. Akaja moja kwa moja kwangu, akaniambia uso wangu ni wa mtu mwenye mali. Nikamwambia hakukosea, ila mali yenyewe bado iko njiani.

Mpango wangu ni mwepesi kiasi kwamba naona aibu kuuandika. Pesa sina, kwa hiyo nyumba sinunui. Namtafuta mwenye nyumba mwenye haraka, nambana bei mpaka aite mama yake. Kisha namtafuta mwenye pesa, anainunua yeye, mimi nakula cha juu. Somo lote nimelisikiliza kwenye simu ya kinyozi wangu. Betri iliisha tulipofika sehemu ya makosa ya kuepuka, lakini hiyo ni sehemu ya watu wanaokosea.

Nilimweleza mke wangu. Hakuinua kichwa kwenye cherehani. Shule zinafunguliwa mwezi ujao na chumba cha mbele kimejaa sare za watoto, mpaka kupita unapita ubavu. Akauliza kama mwekezaji anaweza kumshikia upande mmoja wa kitambaa. Nikashika. Mama mkwe, chumba cha nyuma, akauliza kwa sauti uwekezaji ni ugonjwa gani na kama unaambukiza.

Jumanne, 4 Machi

Maelezo ya nyumba nimeyapata. Vyumba vitatu, ua mdogo nyuma, bati bado zima. Mwenyewe ni mzee, amehamia mbali kwa mwanawe, anataka kuiuza haraka. (Hata mwenye nyumba wetu ni vivyo hivyo, amehamia kwa mwanawe. Wazee wa siku hizi!)

Nikasema haya, twende tukaione. Dalali akakataa! Ndivyo madalali wanavyofanya kazi. Hakuonyeshi nyumba mpaka bei ikubaliwe na mnunuzi awepo, maana ukishaijua utamzunguka uende kwa mwenyewe, yeye abaki na miwani yake. Anachosema ni kwamba iko upande wa hospitali, basi. Nikamjibu kwamba mwekezaji wa kweli hatazami kuta, anatazama hesabu. Sentensi nzuri sana. Nitaitumia tena.

Kasoro ni moja tu, mpangaji. Dalali anasema mzee amelalamika mpaka simu ikapata moto. Eti huyo bwana ana maneno kuliko redio. Anajifanya fundi, chochote kikivunjika anakitengeneza mwenyewe na kukivunja zaidi. Kodi analipa vipande vipande, na kila kipande na hadithi yake. Mwezi uliopita alisema amechelewa kwa sababu anajifunza uwekezaji!

Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Kila mtu siku hizi anajiita mwekezaji. Wanatuharibia jina.

Lakini hapo hapo nikaona dhahabu. Nikamwambia dalali amweleze mzee kwamba nyumba yenye mtu wa aina hiyo si nyumba, ni nusu nyumba. Bei ishuke.

Jioni bomba letu la jikoni lilianza kuvuja. Nimelifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kazi safi. Sasa linavuja upande mwingine.

Jumatano, 5 Machi

Bei imeshuka! Dalali alimpigia mzee, simu sikioni, mimi nikimnong'oneza cha kusema. Mwambie mtu kama huyo akishazoea hatoki. Mwambie mwisho atapanda juu ya paa na nyundo. Dalali akanirudishia jibu: mzee anasema kweli kabisa, tena mle ndani mwenye akili ni mke wa yule bwana peke yake. Nikamhurumia huyo dada. Wanawake wengine wanaolewa na mitihani.

Kila nilipotaja bei, dalali alikuwa akifumba macho kama anayechomwa sindano. Nikashusha. Nikashusha tena. Mzee akakubali, mradi aepukane na huyo mtu.

Dalali akauliza tutamtoaje. Hapo mwanafunzi angetetemeka. Mimi nikasema akatiwe maji. Hakuna anayependa kuhama, lakini pia hakuna anayependa kunuka. Dalali akasema naonekana ni mtu wa siku nyingi katika kazi hii. Sikumbishia.

Kisha akaongeza kwamba mle ndani wapo watoto, na mama mkwe. Mimi mkali, lakini si mnyama. Nikasema basi maji yakatwe mchana tu, jioni yafunguliwe watoto waoge. Na wapewe mwezi mzima wa kujipanga. Akasema hajapata kuona mwekezaji wa hivi. Nikamwambia na hatamwona mwingine.

Alhamisi, 6 Machi

Hatuna maji! Tangu asubuhi! Nilikwenda kwa jirani ili tuwatukane pamoja watu wa idara ya maji, nikamkuta anaosha baiskeli. Yeye anayo! Upendeleo wa wazi. Nilimbebea mama mkwe ndoo kutoka kwake, akanishukuru kwa kuniambia nusu nimeimwaga mlangoni.

Jioni yakarudi. Mke wangu akauliza kama si ajabu maji kuondoka mchana na kurudi jioni. Nikamwambia mabomba yana elimu yake.

Akanieleza pia kwamba kuna kijana alikuja kufunga koki ya nje, akasema nyumba imepata mnunuzi, tujiandae kuhama. Alikuwa na wasiwasi. Alisema akihamishwa mwezi huu sare zote zitamwangukia, wazazi wameshalipa, na wateja wake wanamjua kwa mlango huu huu. Nikamtuliza. Nikamweleza kwamba matapeli wamejaa, wanapita wakiwatisha wapangaji wa watu. Na zaidi ya yote, nyumba hii ikiuzwa, mtu wa kwanza kujua nitakuwa mimi, maana ndiyo kazi yangu.

Akakata uzi kwa meno. Kisha akarudi kwenye vifungo vyake.

Ijumaa, 7 Machi

Mwenye pesa nimempata, na ni shemeji! Kaka wa mke wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tangu nimuoe dada yake hajawahi kuniita kwa jina, ananiita Bwana Mipango, tena mbele ya wateja. Leo nilimkuta amekaa juu ya mifuko ya saruji kama sultani. Akauliza leo nimekuja kukopa nini. Nikamtajia bei ya nyumba, nikanyamaza. (Kunyamaza pia ni mbinu.)

Akasimama. Akasema kwa bei hiyo hupati hata choo, nimeiiba wapi? Nikamwambia sijaiba, nimeibana. Na kwamba mwekezaji wa kweli hatazami kuta, anatazama hesabu. Shemeji akamwambia msaidizi wake aniletee kiti. Kiti! Miaka yote hii nasimama kwenye duka lile kama mwiko. Mguu mmoja ulikuwa mbovu, lakini kiti ni kiti.

Kesho tunaiona nyumba. Akiipenda anailipia, nami cha juu changu ananipa. Nikamtahadharisha kuhusu mpangaji. Nikamwambia asije akamwonea huruma, mtu wa aina ile ukimpa nafasi ya kueleza atakueleza mpaka umpishe wewe. Shemeji akasema yeye huruma aliiacha shuleni.

Sijamwambia mke wangu. Nataka nimshangaze.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemshangaza.

Tulikutana sokoni. Dalali mbele, shemeji nyuma yake, mimi pembeni nikitoa maelezo. Barabara ya hospitali tukaiacha. Nikauliza. Dalali akacheka, akasema hospitali ilikuwa ya kuwapotezea njia watu kama mimi. Nikampongeza, nikamwambia ndiyo kazi hiyo. Tukapita kwa kinyozi wangu. Nikamwambia shemeji huu mtaa naujua, watu wake waungwana. Tukakata kona ya duka la mafuta ya taa. Nikasema raha iliyoje, nyumba yangu ya kwanza na nitakuwa jirani yake! Shemeji alikuwa ameshaanza kunitazama mimi badala ya njia. Shemeji amekula kwetu mara nyingi, njia anaijua.

Dalali akasimama mbele ya mlango wetu. Akashusha sauti, akasema tuwe na amani, mpangaji mwenyewe mchana hayupo, anazurura mikahawani, ila mkewe ni mtu wa kusikilizana naye.

Mke wangu akatoka na futi yake shingoni. Akasema karibu, kaka. Akamtazama dalali, akauliza kama ndiye anayetukatia maji. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe mbona umekuja nao?"

Nikasema nilikuwa nawapeleleza.

Dalali akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akanitazama upya kuanzia viatu. Akauliza, "Mheshimiwa mwekezaji, usiniambie ndiye wewe?"

"Ndiye," akajibu mama mkwe kutoka ndani.

Hapo nikageuza upepo. Nikamwambia shemeji bei hii ni ya kitapeli, paa linavuja, mtaa una kelele, na mpangaji ana haki zake. Nilizitaja zote ninazozijua, na mbili nilizitunga. Shemeji akauliza jana nilisema nini kuhusu kumwacha mpangaji ajieleze. Akaingia. Akagonga kuta, akapima ua kwa hatua, akafungua bomba la jikoni. Mpira wa baiskeli ukachomoka ukampiga tumboni. Akatoka ameloa kifua kizima, na anatabasamu! Akasema kwa bei niliyoibana mimi, hata ingekuwa haina bomba angeinunua.

Kisha mke wangu akamuuliza, polepole tu, mashati yale ayapeleke wapi.

Dalali akajifanya anatazama mawingu. Mimi nilitazama sare zile, zimekunjwa kwa ukubwa, ndogo juu, nikaona zile za chini kabisa ni za watoto wetu.

Jumapili, 9 Machi

Kikao. Mama mkwe alitoka chumbani akiwa amevaa viatu vya kutokea, ishara mbaya. Akakaa mlangoni pasipitike. Shemeji akaeleza kwamba biashara ni biashara, nyumba ameshailipia, hapa anataka kufanya ghala la saruji, naye atamtafutia dada yake chumba mahali pengine.

Mama mkwe akamsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia mwanangu, ni vizuri. Akamweleza kwamba mabegi yake yapo tayari, leo hii hii anahamia kwake. Chumba cha mbele, kile chenye televisheni. Yeye na kikohozi chake. Na atakuwa na muda wa kumfundisha mkewe kupika.

Sijawahi kuona mtu mzima anabadilisha mpango wa ghala haraka vile.

Tunabaki! Mkataba wa kupanga umeandikwa kwa jina la mke wangu. Mimi nimetajwa chini kabisa, pamoja na watu wengine wa nyumbani, baada ya watoto. Bomba nimekatazwa kulikaribia. Cha juu changu shemeji amekihesabu kuwa ni malipo ya maji yaliyommwagikia.

Mke wangu hakunigombeza, na hilo ndilo lililonichoma. Nilikaa kando yake jioni yote nikimshonea vifungo. Nilimwomba radhi. Nikamwambia kwamba wakati wa kubana bei niliwatetea watoto wapate maji ya kuoga jioni, hata kabla sijawajua kuwa ni wangu. Akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaanza kuvifumua vifungo vyangu kimoja kimoja, maana nilivishona upande wa ndani.

Jumanne, 11 Machi

Nimeona jambo ambalo shemeji, pamoja na saruji yake yote, hajaliona. Nyumba ameipata kwa nusu ya thamani kwa sababu ya mpangaji mkorofi. Sasa mkataba ni wa mke wangu, anayelipa kwa wakati na anayesifiwa mtaa mzima. Kwa hiyo kasoro imeondoka! Nyumba ile ile leo ina bei mara mbili. Akitokea mnunuzi wa maana, shemeji atauza huku anaruka, na safari hii cha juu nitakiandikisha mapema.

Nimekwenda mkahawani kumtafuta dalali. Nimempa sifa zote: vyumba vitatu, ua, bati zima, karibu na kinyozi. Akaniuliza, huku ameshika kichwa, na watu wanaoishi mle je? Nikamwambia asiwe na shaka, nawafahamu vizuri, ni watu wa kuelewa, wakipewa mwezi mmoja watahama.

Akachukua kikombe chake akahamia meza nyingine. Nikamfuata. Akahamia ya tatu. Nikamfuata, nikaagiza chai mbili, yake na yangu, kama siku ile.

Ndiyo, kama siku ile. Dalali hakuziruka meza za watu kuja kwangu. Mimi ndiye niliyemfuata meza kwa meza mpaka akachoka, na chai nilimnunulia mimi. Ile bahati niliitunga.