Msumeno Mwekundu wa Fundi Mkubwa

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Leo nimeshinda. Tena bila ya jasho.

Bi Zarina wa Kiponda anataka reli ya chuma kwenye ngazi za nyumba yao, kuanzia mlangoni mpaka ghorofa ya pili. Baba yake, Mzee Rehmtulla, alianguka ngazini mwaka jana, na tangu siku hiyo hajashuka. Anashinda roshani. Akitaka mkate anateremsha kikapu kwa kamba. Akitaka ugomvi anawaita wauza samaki. Ngazi zenyewe ni zile za kizamani, zimesimama kama ukuta, na pa kushika hakuna.

Fundi Bakar alifika kabla yangu. Huyu ana banda la kuchomelea mkabala na langu, huku Chukwani. Nilimkuta anapima, anaandika, anapima tena. Alisema kazi itachukua muda, maana ngazi zimepinda na kila bomba litataka pembe yake. Bakar anakata kwa grenda. Cheche mpaka kwa jirani!

Mimi nikasema Jumamosi nimemaliza. Bi Zarina akauliza kwa muujiza gani. Nikamwambia nina msumeno wa umeme wa kukatia chuma, unapita kwenye bomba kama kisu kwenye halua. Bakar akanitazama, akaendelea kuandika vipimo vyake. Kazi nikapewa mimi.

Kimebaki kitu kidogo tu. Kuununua huo msumeno.

Jumanne, 10 Septemba

Darajani, dukani kwa Juzer. Mtu mzuri Juzer, ila anapenda kuwafundisha wateja.

Aliniwekea misumeno miwili juu ya meza. Mmoja mweusi, mnene, umefunikwa ubavuni na kiboksi cha kukusanyia chenga za chuma. Unazunguka taratibu kama mama mtu mzima anayekwenda arusini. Wa pili mwekundu, mwepesi, umekaa kama gari la mashindano. Juzer akauwasha. Ulilia mpaka kuku wa nyuma ya duka wakakimbia. Moyo wangu ukaenda nao.

Juzer akasema ule mwekundu ni wa mbao. Chuma, akasema, hakitaki mbio. Kinataka bledi yenye meno magumu, meno mengi ikiwa bomba ni jembamba, na mzunguko wa pole, ama sivyo meno yanaungua na kung'oka. Nikamuuliza tangu lini mwenda pole akamshinda mwenda mbio. Akaniuliza kwani nakata chuma au nakimbiza ng'ombe wa mchezo wa Pemba.

Nikaona ananidharau. Nikachukua mwekundu. Kisha, kwa werevu wangu, nikanunua na bledi ya chuma, nikamwambia ni ya rafiki yangu. Bledi ya mnyonge kwenye mashine ya shujaa! Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria hivi.

Juzer alinifungia pia miwani ya kinga. Nimeiacha kwenye meza yake. Mimi si mtoto.

Jumatano, 11 Septemba

Siku ya uzinduzi. Niliwaalika majirani wote. Mke wangu, Salhiya, alipika kahawa. Bakar alikuja, akasimama karibu na mlango. Baadaye niliona kwamba hakusimama pale kwa bahati.

Nikatoa hotuba fupi kuhusu maendeleo. Salhiya akasema kahawa inapoa. Nikavaa miwani ya jua, yenye mawe ya kung'aa pembeni. Bakar akaniuliza mbona bomba silibani kwenye jiliwa. Nikamjibu kwamba mguu wangu unatosha, nikalikanyaga.

Nikawasha. Nikakata.

Sauti ile sijawahi kuisikia, na nimeishi jirani na paka maisha yangu yote. Bomba likaruka kama samaki. Meno ya bledi yakatawanyika: moja likatoboa beseni la Salhiya, jingine likaingia kwenye mlango, pale hasa ambapo Bakar angekuwa kama asingeinama. Mota ikatoa moshi mweupe, kisha mweusi, kisha ikanyamaza.

Nikawatangazia kwamba jaribio limekamilika, na kwamba sasa tunajua mengi kuliko asubuhi. Wengine walipiga makofi. Kwa heshima, nadhani.

Salhiya alikuja akanishika uso kwa mikono miwili, akanigeuza huku na huku kuangalia macho yangu. Halafu akaniuliza kwa nini nimevaa miwani yake ya harusini.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimerudi kwa Juzer. Nikamwambia mashine imeugua ghafla, labda ni hewa ya bahari. Akafungua kifuniko. Chenga za chuma zikamwagika mezani kama mchele. Akasema hewa ya bahari ya siku hizi ina bomba ndani yake. Alikataa kuipokea. Wala hakunicheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nikamuuliza ule mweusi uko wapi. Kauza jana. Kwa nani? Kwa Bakar!

Nilikuwa bado hapo hapo dukani simu ikalia. Bi Zarina. Sauti yake haikuwa ile ya Jumatatu. Mzee kasikia kwamba reli inakuja, akashindwa kungoja. Kajaribu kushuka peke yake, kafika katikati, miguu imegoma. Nikaenda mbio.

Nilimkuta amekaa kwenye giza la ngazi, mikono miwili ukutani, kanzu imejaa chokaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani?"

"Mkubwa. Fundi wa reli."

"Reli iko wapi?"

Nikamwambia iko njiani. Akatikisa kichwa. Akasema, "Mwanangu, nyumba hii nimezaliwa humu. Ngazi hizi nlikuwa nkishuka mbili mbili, sahani ya biriani kichwani. Leo naziogopa. Unajua aibu yake mtu kuogopa nyumba yake?"

Nikamfuta chokaa kwenye kanzu. Mimi! Tulimbeba mimi na Bi Zarina, tukamrudisha juu. Mwepesi kama mto wa pamba. Akatuomba tumuweke roshani, akaipa mgongo sebule.

Nilipofika Chukwani nikavuka barabara mpaka kwa Bakar. Ieleweke kwamba sikumuomba. Nilimpa ruhusa ya kunisaidia. Akasema, "Nlikuwa nakungoja. Vipimo vyako viko wapi?" Sikuwa navyo. Yeye alikuwa navyo vyake, vya Jumatatu.

Ijumaa, 13 Septemba

Tumekata asubuhi yote mpaka adhana ya Ijumaa, kisha tukarudi.

Lazima niseme kweli: ule mweusi unakata. Bakar analibana bomba kwenye jiliwa, anavaa miwani ya kinga, anauacha uzunguke mpaka ukolee, ndipo anaugusisha chuma, taratibu, bila ya kuusukuma. Cheche chache tu. Chenga zote zinaingia kwenye kiboksi. Ukilishika bomba pale lilipokatwa, halichomi. Kingo safi, halina hata makovu.

Alikata yeye. Mimi nilisimamia. Baadaye akaniachia bomba la mwisho, la pale ngazi zinapopinda, na nikalikata vizuri kuliko yote. Nilitetemeka kwa raha! Tulipolipima, lilikuwa fupi kwa upana wa kiganja. Alama niliiweka mwenyewe. Bakar akakaa chini, akacheka mpaka akajifuta machozi. Ikabidi tuunge kipande kilichopinda, kifuate kona.

Nimemwambia hilo lilikuwa kusudi. Linaitwa ubunifu.

Jumamosi, 14 Septemba

Tumefunga reli. Bakar alichomelea, mimi nilitoa maelekezo, na mara moja moja nilishika.

Alasiri Bi Zarina akamleta baba yake juu ya ngazi. Kanzu mpya, kofia ya uzi wa dhahabu. Mzee akaishika reli kama anayemshika mtu mkono, akaitikisa. Haikutikisika. Akaweka mguu. Akaweka wa pili. Bi Zarina anashuka mbele yake kinyumenyume, midomo inasoma dua.

Pale kwenye kona mzee akasimama. Mkono wake ukateleza ukakikuta kile kipande kilichopinda, ukakaa.

"Hapa nani kapafanya?" akauliza.

Bakar akaninyooshea kidole. Angeweza kusema yote. Hakusema.

"Hapa ndipo nilipoanguka," akasema mzee. "Mara hii pana mkono."

Akashuka mpaka chini. Akatoka mlangoni, akakaa kwenye baraza yake, jua likampiga usoni, akafumba macho. Wapita njia wakamsimamia, shikamoo kwa shikamoo, naye anaitikia zote. Muuza samaki mmoja akamwambia wamemkosa. Akajibu kwamba samaki wao bado wamechina, wananuka. Bi Zarina alilia wazi wazi, bila ya kujificha.

Nilijisikia mrefu kuliko mnara wa msikiti. Mtaa mzima sasa unajua jina langu. Nilimtaja na Bakar, mara moja.

Jumapili, 15 Septemba

Sifa zinasafiri! Bi Faiza wa Uroa, mwenye nyumba ya wageni, alipita jana Kiponda, akaona kazi, akaniuliza kama naweza kumkatia mawe ya matumbawe kwa ajili ya vidato vya bustani. Nikamwambia mawe ndiyo fani yangu hasa.

Bakar amekwenda Pemba kwenye maulidi ya ukoo wao. Ameniachia funguo za banda nimpokelee mabomba, na akanisisitizia kwamba mashine nisiiguse. Ni desturi ya watu wapole kusema hivyo.

Nimekaa nikafikiri kwa makini. Jiwe la matumbawe ni laini kuliko chuma, hilo kila mtu analijua. Kinachokata chuma, jiwe litakitisha nini? Salhiya kasema nimpigie Juzer nimuulize. Nimemwambia waulizao ni wasiojua.

Mawe yamefika. Banda nimelifungua. Bakar akirudi atakuta nimemletea kazi mpya.

Atafurahi.