Uwanja wa Shabaha Uani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimeamua. Uwanja wa shabaha! Hapa hapa uani kwetu, Yeoville, kuanzia mlango wa jikoni hadi ukuta wa nyuma. Salama, wa heshima, wa kifamilia. Watu watapanga foleni.

Wazo lilinijia wakati shemeji Thabo anakula chakula chetu. Thabo ni kaka wa mke wangu Lerato, na ni bosi mdogo kwenye ghala moja kule Midrand. Amesema kuna nafasi ya kubeba maboksi. Kasema kwa upole wa kunihurumia, huku anajiongezea nyama. Zamu inaanza alfajiri. Lerato akasema hiyo ni neema. Nikamwambia nina mpango. Akauliza kama ni kama ule wa vifaranga. Nikasema hapana. Akauliza kama ni kama ule wa uyoga. Nikaanza kukusanya sahani, kwa hekima.

Tumekubaliana hivi. Jumamosi ya tarehe kumi na tano familia inafunua jiwe la kaburi la marehemu baba mkwe. Ndugu wote watakuwa hapa. Siku hiyo mpango wangu uwe umesimama, na Mama Mkwe, mwenye nyumba, awe ameukubali. La sivyo, Midrand.

Bunduki ya upepo ninayo tayari. Nimebadilishana na jamaa mmoja wa Fordsburg kwa ile mashine ya kutotolea vifaranga. Kila mmoja wetu aliondoka haraka.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekwenda kituo cha polisi kuuliza utaratibu. Mtu makini huanza na utaratibu. Askari wa kaunta, mama mmoja mtu mzima, aliniomba nirudie maelezo, kisha akamwita mwenzake nirudie tena. "Eish, bhuti," akasema, yaani kaka, kwa nini nisifuge kuku tu? Kidonda bado kibichi.

Ushauri wake, nje ya kicheko, ulikuwa huu: risasi isitoke nje ya ukuta wangu, majirani wote wajue, na nyuma ya shabaha pawe na kitu kizito cha kumeza risasi zisirudi. Mambo madogo.

Ujuzi ninao. Nilipokuwa kwenye mafunzo ya jeshi, JKT, nyumbani Tanzania, risasi zangu zote ziliingia kwenye shabaha. Ilikuwa ya mwenzangu, lakini ziliingia.

Nimeandika kanuni na kuzibandika mlangoni. Bendera nyekundu ikipanda, hakuna kuingia uani. Miwani ni lazima. Mlevi haruhusiwi kabisa!

Jirani wa kumjulisha, kwa hesabu yangu, ni mmoja tu, Gaston. Fundi cherehani wa Lubumbashi, amepanga chumba cha uani, anaongoza kwaya kanisani kwao. Hanywi, havuti, hachelewi. Mama Mkwe anamsifia mpaka inachosha. Na anaitaka kona ileile ya nyuma, aweke kibanda cha mabati kwa ajili ya mashine zake! Nimemweleza mpango wangu. Akasimamisha cherehani. "Ndugu Dismas, ile kitu itatoboa mutu jicho." Nikamwambia ndiyo maana kuna miwani. Akaomba kuiona. Akaitazama sana. Ni ya kuogelea, lakini jicho linajuaje?

Ijumaa, 7 Novemba

Siku ya ukuta wa kumeza risasi. Muuza mchanga anauza lori zima tu, na lori halipiti getini. Nimehuzunika mpaka saa ya chai.

Halafu, stoo! Nyuma ya viti vya wageni, magunia. Makubwa, yamejaa, yameshonwa midomo, hayana maandishi yoyote. Nimesimama mbele yake kwa shukrani.

Ni ya Mama Mkwe, hilo najua. Lakini yeye yuko Soweto kwa dada yake tangu juzi, wanapanga shughuli ya jiwe. Lerato ametoka zamu ya usiku hospitali, amelala, na kumwamsha ni hatari kuliko bunduki. Nimpigie simu Mama Mkwe? Kwetu mkwe haulizwiulizwi. Nikikutana naye koridoni nageukia ukuta mpaka apite. Baba yangu hakuwahi kumuuliza mkwewe hata saa. Ni kweli Mama aliishi Morogoro na mumewe miaka ya uhamishoni, walipokimbia ubaguzi wa kwao, na Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Lakini heshima ni heshima.

Nimeligonga gunia moja. Likatoa sauti ya mchanga. Nimeridhika.

Jioni yote nimeyaburuta na kuyapanga kwenye ukuta wa nyuma, nikayafunika turubai. Si mazito kama nilivyohofia. Lazima ni mchanga wa Soweto.

Jumamosi, 8 Novemba

Uzinduzi! Bendera imepanda, kitambaa chekundu kutoka kwenye mabaki ya Gaston (mabaki ni mabaki). Shabaha ni sahani za karatasi kutoka spaza, kiduka cha Karimu hapo mtaani. Miwani imevaliwa. Sikuona vizuri, lakini nilikuwa salama.

Nimepiga pakiti nzima. Hakuna sahani iliyoguswa. Hakuna mtu aliyeguswa pia! Magunia yamemeza kila risasi, kimya, hakuna hata moja iliyorudi. Kwa upande wa usalama uwanja umefaulu kabisa. Kwa upande wa shabaha, jua lilikuwa machoni.

Jioni wakaja njiwa wengi. Halafu hadeda, wale ndege wa midomo mirefu wenye kelele za ugomvi, wakatembea chini ya magunia wakidonoa palipotoboka. Nadhani wanapenda utulivu wa mahali. Gaston akatoka akauliza nimetia nini mule. Mchanga, nikamwambia. Akasema kwao ndege hawali mchanga. Wivu huo.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua ya mawe mchana. Turubai limeng'oka, limekwenda kukaa juu ya paa la jirani wa pili. Magunia yamelowa chapachapa. Sina wasiwasi. Mchanga uliolowa hukamata risasi vizuri zaidi, kila mtaalamu anajua hilo.

Gaston alitoka na mwavuli akasema tuyaingize ndani tuyaanike. Nimemshukuru kwa ubaridi. Anataka yaondoke kwenye kona, akidhani sioni.

Jumanne, 11 Novemba

Jambo zito. Uani kunanuka pombe!

Nimeamka na joto kali na harufu hiyo. Pombe ya kienyeji, changa, inayochachuka. Inatoka upande wa nyuma. Na nani anaishi upande wa nyuma? Kiongozi wa kwaya!

Nimechunguza siku nzima kutoka dirisha la jikoni. Ushahidi umejaa. Macho ya Gaston ni mekundu. Mlango wake haufunguki sana. Anaimba peke yake. Hata ndege wameathirika: njiwa mmoja alijaribu kutua kwenye kamba ya nguo, akaikosa, akajaribu tena, akaikosa, mwishowe akaamua kutembea.

Nimefurahi, sitaficha. Mama Mkwe anarudi leo jioni. Yeye hapangishi mlevi, na kanuni zangu mlangoni ziko wazi. Gaston akiondoka, kona ni yangu, uwanja ni wangu, na Thabo abebe maboksi yake mwenyewe.

Lerato akauliza nina hakika. Nikamwambia pua haina upendeleo. Nikamwomba amfikishie mama yake ujumbe: kesho asubuhi, kwa heshima zote, atoke aje uani anuse.

Jumatano, 12 Novemba

Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo.

Mama Mkwe alitoka asubuhi na kanga yake begani. Mimi nikatazama ukuta, kama inavyopasa. Lerato kati yetu. Gaston alisimama mlangoni kwake na futi shingoni, hajui kinachomjia. Nikamwambia Lerato amwambie Mama anuse.

Mama akanusa. Hakwenda kwa Gaston. Alinyoosha moja kwa moja hadi kwenye magunia, akafumua la juu, akatia mkono. Mkono ukatoka na nafaka nyekundu, imelowa, inatoa povu. Akaichambua kwa kidole. Katikati kulikuwa na risasi.

Ni kimea! Kimea cha mtama, na unga wa mahindi, vimeletwa kutoka kijijini kwao kwa ajili ya pombe ya Jumamosi. Pombe ya kufunulia jiwe la baba mkwe. Ilikuwa ianze kupikwa leo.

Hadeda wakapiga kelele.

Mama akauliza, kwa Kiswahili safi cha Morogoro, pombe ya risasi atamnywesha nani. Nikamwambia Lerato amwambie Mama kwamba nilidhani ni mchanga. Lerato akasema nimwambie mwenyewe, yeye amechoka kuwa simu. Nikauambia ukuta.

"Geuka," akasema Mama. Nikageuka. Sijawahi kumtazama usoni muda mrefu vile. Alikuwa anatokwa machozi. "Dismas, mkwe ni mtu. Anaulizwa. Miaka yote nangoja uniulize kitu, hata kama ni chumvi iko wapi."

Nimeona aibu. Aibu ya kweli, ya kutaka kuingia chini ya turubai, na turubai lenyewe liko kwenye paa la watu. Baba mkwe ndiye peke yake aliyekuwa akicheka mizaha yangu. Na mimi nimeipiga risasi pombe yake.

Gaston alivaa viatu, akamwambia, "Mama, tuende, kule soko tutapata." Wakapanda teksi hadi mjini, wakazunguka, wakarudi alasiri na kimea kingine, amekibeba kichwani Gaston mwenyewe. Nikamuuliza Lerato mbona macho ya mtu yule ni mekundu vile. Akasema amekuwa akishona usiku kucha nguo za shughuli, za familia nzima. Shati langu likiwamo.

Mimi nimepewa kukoroga na kuosha mapipa. Hii ndoo ni ya mapumziko.

Jumamosi, 15 Novemba

Jiwe limefunuliwa. Jeusi, linang'aa, jina la baba mkwe limeandikwa vizuri. Nimelia, na watu wakadhani ni huzuni tupu.

Pombe imekuwa nzuri, Mungu mkubwa. Ya kwanza ilimwagwa chini kwa ajili ya marehemu. Kisha Mama akanijia mwenyewe na kata ya pombe mkononi, mbele ya ukoo wote. "Kunywa, mwanangu. Hii haina risasi." Wazee wakacheka mpaka wakakohoa. Kumbe wote walishaambiwa! Nimekunywa. Shati limenikaa vizuri mno, na hilo nalo limeniuma.

Baada ya chakula Mama alisimama akatangaza kwamba kona ya nyuma ni ya Gaston. Makofi. Kwaya ikaimba. Thabo akaniita pembeni akanipa koti la kazi lenye saizi yangu. Lilikuwa kwenye gari tangu asubuhi.

Nikamwahidi Mama, ana kwa ana, macho kwa macho, kwamba kuanzia leo nitauliza. Akasema tutaona.

Jumatatu, 17 Novemba

Midrand. Siku ya kwanza ghalani. Maboksi, maboksi. Msimamizi wangu ni kijana anaitwa Steve, mpole, amerudia kuniambia jambo hilohilo asubuhi nzima: kama sielewi kitu niulize tu, hapa hakuna swali la kijinga. Nikamshukuru.

Saa ya chakula nikazunguka nyuma ya jengo. Lo! Uwanja mrefu, mnyoofu, wa saruji. Ukuta mrefu mwisho wake. Hakuna majirani, hakuna kamba za nguo, hakuna fundi cherehani. Wafanyakazi wengi wamekaa tu hawana burudani. Klabu ya Shabaha ya Midrand! Bunduki bado iko chini ya kitanda.

Na pale kwenye ukuta, magunia. Meupe, makubwa, yamepangwa vizuri mpaka juu, kana kwamba mtu alijua nakuja. Steve alikuwa hatua chache tu kutoka nilipo, anakula mkate, ananitazama, anatabasamu.

Sikumuuliza. Yeye ni msimamizi wangu, na heshima ni heshima. Nimeligonga moja kwa kidole. Mchanga.